Njia ya Arubaini: Najaf hadi Karbala kwa miguu, na namna ya kukirimiwa

Hii ni safari ya mwezi wa Safar 1446 Hijria, yaani Agosti 2024, niliyoiunga upya baada ya kurudi nyumbani kutoka kwenye daftari na picha za simu. Ziara ya Arubaini huangukia tarehe 20 Safar, siku ya arubaini baada ya Ashura, ile siku aliyouawa Imam Hussein (a.s.), mjukuu wa Mtume, huko Karbala, Iraq, mwaka 61 Hijria (680). Mwaka huo hesabu iliyotangazwa na haram (kaburi tukufu) ya Hadhrat Abbas, ndugu yake Imam Hussein, ilipita mazuwari, yaani wafanya ziara, milioni 21. Namba hiyo imeshaandikwa sana. Nitakachoandika hapa ni kidogo kuliko hicho: glasi moja ya chai, tishu moja, godoro moja, na jinsi vinavyomfikia mtu ambaye mtoaji hamjui na hatamwona tena.

15 Safar, Najaf

Kutoka Afrika Mashariki unafika Najaf kwa kuunganisha ndege Dubai, Doha au Istanbul. Foleni ya pasipoti ilikula saa nyingi. Wema wa kwanza ulianzia humo humo: vijana wa kujitolea walipita katikati ya mistari wakiwa na katoni za maji, vile vikombe vidogo vya plastiki vilivyozibwa kwa karatasi laini juu. Wanaanza na wazee na wenye watoto mgongoni, wengine wanasubiri, na hakuna anayelalamika.

Kuhusu pesa: beba dola safi, zisizo na mikunjo wala maandishi, maana wabadilishaji huzikataa zilizochakaa. Kiwango rasmi mwaka 2024 kilikuwa takribani dinari 1,300 kwa dola, mtaani kilipanda kidogo. Badilisha kiasi kidogo tu na uombe noti ndogo, za 250, 500 na 1,000. Utazihitaji kwa bajaji na teksi za mjini, laini ya simu na dawa. Ukishaingia njia ya Karbala, chakula, maji na malazi havina bei, na ukitoa noti utaona mwenyeji anarudisha mkono kifuani kwa kuumia.

16 Safar, Najaf

Siku ya kuzuru haram ya Imam Ali (a.s.) na kufunga mizigo. Sanduku kubwa liache hotelini Najaf au litangulize Karbala kwa gari la kikundi chako. Begi la mgongoni lisizidi kilo 5, nalo lenyewe limehesabiwa humo. Weka nguo moja ya kubadili, soksi jozi 4, ndala, mafuta ya mgando, plasta, pakiti 6 hadi 8 za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa), pawabenki, shuka jepesi na kikombe chako mwenyewe. Chakula usibebe. Wanaobeba biskuti na njugu huishia kuzigawa njiani, na hao wanaogawiwa wana za kwao za kukupa.

Kinachoangusha watu wengi ni miguu. Baada ya saa kadhaa kwenye lami mguu huvimba, kiatu kilichokuwa sawa kinabana, jasho linalowesha soksi, ngozi iliyolainika inasuguliwa na malengelenge yanatoka. Kwa hiyo kiatu kiwe kimeshazoeleka na kiwe kikubwa kidogo. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni kabla ya kuvaa soksi, na ubadilishe soksi kila baada ya saa mbili au tatu. Ukihisi sehemu inachoma, simama papo hapo uiwekee plasta. Lengelenge likishatoka, usivue ngozi yake.

17 Safar: kutoka Najaf hadi nguzo ya 380

Tulitoka baada ya Alfajiri. Kutoka haram hadi mwisho wa mji ni mwendo wa kilomita kadhaa, ukipita pembeni mwa makaburi ya Wadi al-Salaam, kisha barabara kuu inafunguka na hesabu ya nguzo za umeme inaanza. Ni 1,452, moja na nyingine zikiwa zimeachana kwa takribani mita 50. Nguzo 20 ni kilomita moja. Namba hizi ndizo anwani ya njia nzima. Mkiwa kikundi, kubalianeni nguzo ya kukutana kabla ya kuachana, tena taja na upande wa barabara, kwa sababu mtandao wa simu huzidiwa na ujumbe unaweza kufika baada ya saa nzima.

Pande zote mbili kuna maukibu, vituo vya huduma, vimeungana kiasi kwamba ni nadra kuona uwazi. Maukibu nyingi ni za familia, kabila au mtaa fulani wa Iraq. Wenyewe huweka akiba mwaka mzima, husajili kituo chao, kisha hufunga biashara na kuhamia barabarani na sufuria zao. Fundi seremala anakuwa mpishi, na mwalimu anaosha vyombo. Majukumu yamegawanywa kabla hawajaondoka kwao, ndiyo maana chai haikatiki saa nane usiku.

Chai hiyo inastahili kusimamiwa na kutazamwa. Buli kubwa jeusi linakaa juu ya makaa, majani yameiva hadi rangi ya kahawa. Anayemimina anatanguliza sukari, karibu theluthi ya glasi, kisha rangi kutoka kwenye buli, kisha maji ya moto juu. Glasi ni ndogo, imebana kiunoni, na inashikwa kwa vidole viwili ukingoni. Haichukui hata dakika mbili kuimaliza, na huo ndio ujanja wake: msafiri anapata sukari na maji bila kupoteza mwendo. Ukitaka isiyo na sukari, sema kabla hajatia mkono, kwani ikishamiminwa atakupa nyingine na ya kwanza itamwagwa. Glasi huoshwa kwa kuzamishwa kwenye beseni na kutolewa, basi mwenye tumbo dhaifu atoe kikombe chake. Hawachukii.

Maukibu kubwa ndizo zinazopigwa picha, zenye mahema ya watu mia tano na majiko ya gesi. Macho yangu yalivutwa zaidi na waliokuja na kidogo. Bibi mmoja mwenye baibui lililopauka alikaa chini karibu na nguzo ya 140, mbele yake chupa ya chai moja na vikombe vya karatasi. Ikiisha, mjukuu anakimbia nyumbani kuijaza. Mtoto wa kama miaka mitano alishika boksi la tishu na kumchomolea kila mpita njia moja, akimwangalia usoni mpaka aipokee. Mvulana mwingine alipiga magoti, sinia la tende kichwani, mikono ikilishikilia, ili msafiri asilazimike kuinama. Wale waliokoleza tende kwa rashi, uji mzito wa ufuta, waliweka vijiti vya meno, mkono usinate.

Kumpita mtoto wa aina hiyo bila kuchukua ni kosa, hata kama umeshiba. Chukua tende moja. Sema «rahimallah walidaik», Mungu awarehemu wazazi wako, ambayo ndiyo shukrani ya Wairaki. Kisha endelea, usizibe njia nyuma yako.

Saa tatu asubuhi jua lilikuwa limeshakuwa kali. Agosti joto hapa hupita nyuzi 45, na anayejitutumua mchana huishia kwenye hema la huduma ya kwanza akiwa na dripu. Tulijilaza kwenye maukibu yenye viyoyozi vya maji hadi baada ya Alasiri, kisha tukatembea hadi usiku.

Malazi: anza kutafuta kabla ya Magharibi. Sehemu za wanawake hujaa kwanza kwa kuwa ni chache, hivyo kikundi kilichochanganyika kianze kwa kuulizia za wanawake, wanaume watapata hata veranda. Utapewa godoro jembamba, blanketi na mto. Asubuhi kunja ulivyovikuta na uviweke kwenye rundo. Kuna mwingine anakuja kulala hapo mchana.

18 Safar: nguzo ya 380 hadi 860

Kifungua kinywa kilikuwa bagila. Ni maharage makubwa makavu yaliyochemshwa usiku kucha, mchuzi wake unalowesha mkate, juu yake yai na mafuta ya moto. Chakula hiki kinakaa tumboni hadi adhuhuri. Mkate wa samuni, ule uliochongoka ncha mbili, unatoka kwenye tanuri la udongo lililojengwa hapo hapo kando ya lami.

Karibu na nguzo ya 500 walikuwa wanapika qima, chakula cha Najaf hasa katika siku hizi. Nyama na dengu huchemshwa pamoja mpaka vivurugike, kisha wanaume wawili wawili husimama juu ya sufuria na miiko mirefu kama makasia, wakiponda kwa zamu. Hutiwa nyanya ya kopo, mdalasini na ndimu kavu ya Basra. Kazi huanza jioni na huliwa mchana wa pili, na wali. Kinachoharibu qima ni kuacha mwiko utulie: dengu hushika chini, ikiungua kidogo tu sufuria nzima inanuka moshi. Ndiyo maana zamu za usiku ni fupi na mpya anashika mwiko kabla wa zamani hajauachia. Wakiona umesimama kutazama watakupa mwiko. Ushike. Dakika kumi za kuponda ni msaada wa kweli kwa mtu ambaye hajalala.

Tahadhari kuhusu tumbo. Ukarimu huu unaweza kukuangusha usipojipangia. Kula milo miwili iliyopikwa na ya moto, katikati kunywa tu. Achana mchana na saladi, mayai baridi na vinywaji vya rangi vilivyokaa juani. Maji, kikombe kimoja kila baada ya nguzo 20 ni kipimo kizuri, na pakiti ya ORS asubuhi na jioni, kwa sababu maji matupu hayarudishi chumvi iliyotoka na jasho. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, kaa kivulini hadi ubadilike.

Mchana tulifika Haydariya, mji ulio nusu ya njia, unaojulikana pia kama Khan al-Nus kwa ile nyumba ya wasafiri ya zamani. Hapa kuna historia inayofanya kila glasi ya chai iwe nzito. Enzi za utawala wa chama cha Baath matembezi haya yalizuiwa, na Februari 1977 serikali iliwashambulia watembeaji waliokaidi, wakakamatwa na wengine wakauawa. Waliobaki na nia walipita vichochoroni mwa mashamba ya mitende kando ya mto Furati, usiku. Aliyewafungulia mlango na kuwapa mkate alikuwa anahatarisha nyumba yake. Baada ya utawala huo kuanguka 2003 njia ilifunguka, na wazee wengi wanaohudumu leo ni wa kizazi kile. Ile njia ya mitende bado ipo, huitwa njia ya maulamaa. Ni ndefu zaidi na haina nguzo za kuhesabu, ila ina kivuli, na wenyeji wake huwapokea wageni majumbani.

Jioni tuliingia nyumbani kwa watu. Hivi ndivyo inavyokuwa: mwanamume au kijana anasimama barabarani na gari, anasema nyumba iko karibu, kuna maji ya kuoga, chakula na intaneti. Wengine hushika mkono wa mgeni na kumsihi kama mwenye shida ni wao. Kabla ya kukubali uliza mambo matatu: nyumba iko umbali gani, atawarudisha saa ngapi, na je atawarudisha kwenye nguzo ile ile. La tatu ni muhimu kwa aliyenuia kutembea njia yote. Msigawanyike. Wanawake wapande pamoja na wanaume wao, na mtu mmoja awatumie wenzake namba ya nguzo mlikochukuliwa.

Ndani wanawake walienda upande wao, na wanaume walipokewa sebuleni ambako samani zilikuwa zimeondolewa, zimebaki magodoro kuzunguka ukuta. Nguo chafu zilidaiwa hata kabla ya chai. Kila mgeni alipewa mfuko na kipande cha karatasi cha kuandika jina, mashine ikazunguka, na kwa joto lile zilikauka kambani muda wa kula haujaisha. Baba mwenye nyumba hakula nasi. Alisimama na jagi mpaka wa mwisho aliponawa. Kwa Kiswahili twasema mgeni njoo mwenyeji apone, na pale mwenyeji aliomba kitu kimoja tu: atajwe kwenye dua akiwa haram, yeye na mama yake mgonjwa. Aliandika majina kwenye karatasi na kulikunja mara nne.

Karatasi kama hilo ni amana. Liweke pamoja na pasipoti, usilitie mfukoni mwa suruali itakayofuliwa.

19 Safar: nguzo ya 860 hadi 1,452

Nguzo ya 860 hadi 1,100 ni lami, vumbi na jua tu.

Baada ya hapo watu wanasongamana na huduma zinabadilika kufuata miili iliyochoka. Kijana amebeba mgongoni bomba la kupulizia dawa shambani, jipya, limejaa maji ya mawaridi, anapuliza juu ya vichwa kwa mvua nyembamba. Ukivaa miwani au ukiwa na simu wazi, mwonyeshe kiganja, ataelekeza pembeni. Fundi viatu ana gundi, sindano na rundo la ndala za kuazima wakati anashona. Mwingine ana cherehani kwa ajili ya mikanda ya mabegi tu. Kuna meza za soketi za chaji, dazeni kwa dazeni, na msimamizi anayefunga namba kwenye kila simu. Beba chaja yako, kwa sababu waya za pale hazitoshi aina zote.

Wakandaji miguu wamekaa kwenye viti vifupi mbele ya kochi. Wengi wetu huona haya kumpa mzee kama baba yako mguu wenye vumbi. Nawa kwanza kama kuna bomba, keti, mpe. Mwambie mapema mahali penye lengelenge na kama una kisukari au mishipa iliyovimba, maana wanakanda kwa nguvu. Asiyetaka anaweka mkono kifuani na kuomba udhuru, basi inatosha.

Wenye viti vya magurudumu walisukumwa na watu wasiowajua, wakipokezana bila makubaliano yoyote: mmoja anachoka, wa nyuma anashika mipini. Ukitaka kusaidia, mwulize kwanza aliyekaa, au anayesukuma. Kwenye matuta geuza kiti na ushuke kinyumenyume, mgonjwa asiteleze mbele.

Tuliingia Karbala usiku. Mabegi hayaingii haram, simu zenye kamera hutegemea mlango na siku. Viatu vyako vifunge kwenye mfuko wenye alama, kwani kuvipata baadaye kwenye maelfu ni kazi.

20 Safar, Karbala

Jumapili, 25 Agosti 2024. Kati ya haram ya Imam Hussein na ya Hadhrat Abbas ni chini ya mita 400, lakini siku ile kuzivuka kulichukua zaidi ya saa. Ukijikuta kwenye wimbi, kunja mikono kifuani kulinda mbavu, fuata mwelekeo, na usiiname kuokota kitu chochote. Watoto wadogo waingie usiku wa manane au wabaki uwanjani.

Watoto hupotea, na wazee pia. Andika namba ya simu ya Iraq kwa wino mkononi mwa mtoto, na jina la kikundi. Kuna vituo vya kuwaongoza waliopotea mjini na njiani, vinavyotangaza majina kwa vipaza sauti. Ukimwona mtoto analia, usiondoke naye kumtafutia wazazi. Simama naye hapo hapo kwa dakika chache, kisha mpeleke kituo kilicho karibu na umkabidhi kwa mhudumu mwenye kitambulisho.

Alasiri ndiyo saa nzuri ya kuhudumu. Wahudumu wamekesha siku nyingi na mikono ya ziada inakaribishwa, hasa kwenye mambo yasiyopendwa: kuosha glasi, kuzoa vikombe vya plastiki barabarani, kupanga viatu. Mfuko wa taka na glavu za mpira havina uzito begini. Dawa zako zilizobaki, zikiwa kwenye pakiti zake na tarehe inaonekana, hema la huduma ya kwanza litazipokea.

21 Safar, kurudi Najaf

Kurudi ndiyo sehemu ngumu. Barabara za karibu na haram zimefungwa, inabidi utembee kilomita kadhaa hadi maegesho ya magari, na huko mamilioni wanatafuta usafiri kwa wakati mmoja. Teksi hupandisha nauli mara kadhaa, kubalianeni kabla ya kupanda na mlipe mkifika. Malori na mabasi ya bure yapo, yamewekwa na taasisi na watu binafsi, ila lori halina kivuli, hivyo panda alfajiri au baada ya Magharibi. Safari ya gari inayochukua saa moja na nusu siku nyingine ilituchukua saa sita. Dereva alisimama mara mbili bila kuombwa, akashuka kwenye maukibu zilizokuwa zinafungwa, akarudi na samuni na maji kwa ajili ya gari zima.

Anayetoka Karbala aache nafasi ya siku mbili kamili kabla ya ndege. Ikiwezekana ondoka 22 Safar, msongamano unapungua sana.

Kwa wanaopanga: Arubaini hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo 2026 itakuwa mwanzoni mwa Agosti, na joto litakuwa lile lile. Utaratibu wa viza hubadilika karibu kila msimu, uthibitishe na kikundi chako kabla ya kulipia tiketi.